Kocha Restituta na Njia Iliyofungwa

Kila alfajiri, kabla jogoo wa jirani hajasafisha koo, Kocha Restituta alikuwa ameshasimama getini pa kambi yake akiwagusa vijana vichwani mmoja mmoja. Aliwagusa kwa sababu macho hayakutosha. Ukungu wa Mbulu ukishuka wakati wa masika, mtu anaweza kusimama mbele yako akakusalimia, na wewe ukauitikia mti. Basi aligusa kichwa, akataja jina, mwenye jina akaitika, akahamia kwa mwingine. Wakishatimia, filimbi ililia na miguu ikaanza kupiga udongo. Yeye mbele na tochi, wao nyuma.

Watu wa mjini walimshangaa. Mwanamke wa makamo, traksuti imepauka magotini, hana mume, hana duka, anaishi kwa kufundisha watu kukimbia!

"Kwani kukimbia nako kunafundishwa?" waliulizana sokoni. "Mfungulie mtu fisi, uone kama ataulizia mwalimu."

Restituta alizoea. Zamani alikuwa mkimbiaji wa timu ya shirika moja la umma huko Arusha. Miaka biashara ilipoachiwa huru, shirika likauzwa, na mwenye mali mpya akazipenda mashine, timu hakuipenda. Restituta alirudi nyumbani Mbulu na begi la raba kuukuu na filimbi shingoni. Alidhani mbio zimekwisha. Kumbe ndiyo kwanza zinaanza, maana makampuni yalikuwa yameanza kudhamini mashindano, na kijana yeyote mwenye pumzi aliweza kwenda Moshi kwa basi na kurudi amepanda baiskeli yake mwenyewe. Wazazi waliokuwa wakisema mbio ni kazi ya ndama walianza kumletea watoto. Mmoja alileta ada, mwingine gunia la mahindi, mwingine mbuzi wa maziwa. Mpaka mkoa wa Manyara unakatwa kutoka Arusha, Restituta alikuwa na nyumba nzima ya kupanga yenye uwanja, na watu wakaiita kambi.

Ila siku zake zilishindiliwa kama debe la mahindi mbele ya mlanguzi. Wakitoka kukimbia, uji. Baada ya uji, malengelenge ya miguuni, kucha zilizokufa, raba za kupeleka kwa fundi, wawili waliogombana kwa sababu ya sabuni. Mara mzazi amekuja, mara kuni zimekwisha. Jioni mbio tena. Kila siku alijiambia, leo nikishakula nitakaa nifikirie mambo ya mbele. Mwakani kambi itakuwaje? Hawa wakubwa wakishanipita uwezo nitawapeleka wapi? Usingizi ulimkuta na kijiko mkononi.

Na hata kama angepata nafasi ya kukaa, asingekaa. Alikuwa anaogopa.

Woga wake ulikuwa na jina, nalo ni Yonas. Asubuhi moja, miaka ya mwanzo ya kambi, Yonas alibaki nyuma kufunga kamba ya raba. Alipoinua kichwa, ukungu ulikuwa umewameza wenzake. Akafuata sauti aliyodhani ni yao, akaingia msituni. Walimtafuta mchana kutwa. Kesho yake alitoka mwenyewe, magome ya mti yamemchana mikono na mapaja, sauti imemkauka. Alikuwa amelala juu ya mti, na chini yake kitu kilikuwa kikizunguka na kucheka. Yonas mwenyewe alipona, akakua, akawa kijana wa kushinda mashindano na kutania wenzake. Aliyebaki juu ya mti ule ni Restituta. Tangu siku hiyo hakuwahi kumwachia mtu mwingine tochi.

Ndipo akaja Hatibu.

Hatibu alikuwa mfanyabiashara wa Katesh, wilaya ya Hanang, mnene, mcheshi, mwenye pikapu iliyojulikana kwa honi yake wilaya mbili. Aliwahi kuwaona vijana wa Restituta wakishinda mbio Babati, na wazo likamkaa.

"Dada Resti," alisema siku hiyo, akipuliza uji wa kambi ili upoe, "kule Hanang vijana wa wafugaji wanatembea na ng'ombe tangu wakiwa hivi." Akaonyesha usawa wa goti. "Miguu ipo, mwalimu hayupo. Mimi nina nyumba Katesh, tupu. Fungua kambi ya pili. Mimi nitauza maziwa, mkate, raba. Wewe utapata wakimbiaji. Ubaya uko wapi?"

"Na hawa nitamwachia nani?"

"Si kuna yule msichana mrefu?"

Yule mrefu alikuwa Jenifa, mkubwa wa kambi, amemaliza kidato cha nne, mpole kiasi kwamba alicheka wenzake wakishamaliza kucheka.

"Jenifa bado."

"Bado mpaka lini? Dada, nikwambie ukweli usikasirike. Wewe si kocha. Wewe ni yaya mwenye filimbi."

Vijana waliokuwa wakiosha bakuli waliinamisha vichwa wakiminya vicheko. Restituta naye alicheka kidogo, lakini neno lile lilimchoma, na likaendelea kumchoma. Mwishowe alikubali kwenda Katesh kuiona ile nyumba, aende na kurudi kesho yake. Hatibu alimwambia wazi kwamba mvua zikiisha bila jibu, ataweka humo mashine ya kusaga.

Siku ya safari ukungu ulikuwa mzito kuliko kawaida. Restituta alimkabidhi Jenifa tochi. Filimbi aliigusa shingoni, akasita, mkono ukashuka.

"Utapiga makofi," alisema.

"Sawa, Kocha."

"Njia ni ile ile. Chemchemi, kwa Mzee Qamara, mteremko, mnarudi. Msiiache! Unanisikia? Mkikuta kitu njiani, rukeni, mwendelee. Lakini njia msiiache."

"Nimesikia, Kocha."

Akapanda pikapu. Kabla hawajaumaliza mji, alikuwa ameshageuka kutazama nyuma mara nyingi.

"Mbona unaangalia nyuma kama umeiba?" Hatibu alimuuliza.

"Ukungu haujanyanyuka."

"Ukungu hauli watu."

"Vilivyomo ndani yake vinakula."

Hatibu akaacha utani. Kila kundi la mbuzi lililotokeza kwenye ukungu lilimshtua Restituta. Walipofika Dongobesh, Hatibu akasimama kujaza mafuta. Akina mama wawili waliokuwa wakiota moto pembeni walikuwa wanazungumza, na maneno yakamfikia Restituta kupitia dirishani.

"...upande wa Nambis, huko Mbulu. Wamekuta miguu tu ya yule mbuzi. Fisi wa siku hizi hawaogopi hata watu."

Hatibu aliporudi, alikuta mlango wa pikapu wazi na Restituta amesimama barabarani na begi lake.

"Nisamehe, Kaka Hatibu. Narudi."

"Unarudi wapi? Dada Resti! Watu wananisubiri Katesh!"

Lakini alikuwa ameshapungia mkono lori la vitunguu saumu lililokuwa likipanda kuelekea Mbulu. Alikaa juu ya magunia, harufu ikimtoa machozi, akijiambia kwamba akiwakuta wanakunywa uji atajicheka mwenyewe mpaka jioni.

Hakuwakuta.

Jua lingekuwa limeshapanda juu kama lingeonekana. Geti lilikuwa limerudishiwa tu. Bakuli zilikuwa zimefunikwa mstari mmoja kama zilivyoachwa, hakuna hata moja iliyoguswa. Alifunua sufuria ya uji. Utando ulikuwa umeganda juu, laini, mzima.

"Jenifa?" aliita. "Yonas?"

Mbuzi wa maziwa akamjibu.

Alitoka mbio. Alikimbia kama ambavyo hakuwahi kukimbia hata siku za ujana wake, na sketi ya safari ikimkaba magoti. Chemchemini, udongo ulikuwa na alama za raba, nyingi, mbichi. Alizifuata ameinama. Mvua ikaanza kunyesha, ikazifuta mbele ya macho yake. Aliita majina kwa mpangilio ule ule wa kugusa vichwa, na baada ya kila jina alinyamaza kusubiri, na hakuna aliyeitika. Mahali fulani kwenye ukungu tawi lilivunjika. Hakutaka kujua nini kimelivunja.

Karibu na boma la Mzee Qamara kulikuwa na kitu kimelala kukatiza njia. Matawi mabichi, yamepangwa. Miguu yake ilikuwa imeizoea njia ile kuliko macho yake, na miguu ndiyo iliyoamua. Aliruka kama anavyoruka mtaro, akaendelea.

Mlango wa nyumba ulikuwa wazi. Aliingia bila kubisha hodi, kifua kinawaka moto, koo limekauka, sauti haitoki. Mlangoni kulikuwa na mtungi na kata ya kibuyu juu yake. Akachota, akanywa yote, akashusha pumzi.

Hapo ndipo alipomwona Mzee Qamara ameketi pembeni ya moto, anamtazama.

"Mwanangu," mzee alisema taratibu, "hukuona matawi?"

"Shikamoo, Mzee. Watoto wangu..."

"Marahaba. Matawi, mwanangu. Hukuyaona?"

Nyuma ya kiambaza kulikuwa na sauti ndogo ya mwanamke anayelia kwa kujizuia. Restituta aliijua sauti ile. Ilikuwa ya Efrazia, mkwe wa mzee, ambaye wiki iliyopita tu alikuwa akiwapungia mkono wakimbiaji, tumbo lake kubwa.

"Amejifungua juzi," alisema mzee. "Mtoto hakulia."

Restituta aliirudisha kata juu ya mtungi. Kila aliyezaliwa kwa Wairaqw analijua jambo hilo, hata aliyesoma, hata anayeimba kwaya. Linaitwa metimani. Nyumba iliyopatwa na kifo cha namna ile hujitenga, njia yake ikafungwa kwa matawi. Haiazimi moto, haipokei mgeni, haichoti maji wanapochota wengine, mpaka wazee waseme yamekwisha. Wala haikuwa adhabu, ilikuwa ni kuwakinga majirani na kilichoingia humo. Na anayekula au kunywa humo, amekipokea.

"Vijana wako walifika pale asubuhi, wakasimama," Mzee Qamara aliendelea. "Mmoja alitaka kuruka. Yule msichana mrefu akamvuta shati. Alinipa pole kutoka kule kule, kichwa ameinamisha, halafu akawazungusha njia ya Nambis. Mvua itakuwa imewaweka mahali."

"Kwa hiyo wazima?"

"Wao wazima." Mzee aliitazama ile kata. "Wewe umekunywa."

Mzee akachochea moto, bila kumtazama tena.

"Mwanangu wa kiume yuko mashambani. Huyu wa ndani hana nguvu ya kusema. Mimi siwezi kutoka hapa kwenda kumwambia mtu. Ukiondoka, utakachosema ni chako."

Alirudi akitembea. Mvua ilimnyeshea naye hakuisikia. Padri angesema ni mambo ya kale, alijiambia, na mganga mkuu angesema maji ni maji. Lakini wazazi wa vijana hawakuwa mapadri wala waganga wakuu. Siku wakijua kwamba kocha alikunywa kwenye nyumba iliyofungwa, kisha akaja kuwapikia watoto wao uji na kuwagusa vichwa, wangekuja kuwachukua wote kabla ya jua kuzama. Wasipojua je? Nani angewaambia? Kesho alfajiri angesimama getini kama kawaida, akakigusa kichwa cha kwanza.

Aliutazama mkono wake. Akauona umekuwa mgeni.

Kabla hajafika alisikia kelele. Walikuwa wamerudi! Nguo zao zilifuka mvuke, mtu anakwangua sufuria, Yonas anasimulia kitu na wote wanacheka. Moyo wake ukaruka, akataka kukimbia awakumbatie. Mdogo kuliko wote, binti aliyeitwa Konsolata, alimwona getini akamjia mbio.

"Kocha karudi! Kocha, tulijibanza kwenye baraza la shule Nambis, mvua hiyo..."

"Simama hapo hapo!"

Hawakuwahi kumsikia akitoa sauti ile. Konsolata aliganda mguu mmoja hewani. Kicheko kikakatika, na kwenye ule ukimya Restituta alishika mwimo wa geti, halafu akauachia haraka kana kwamba umemuunguza.

"Asinisogelee mtu," alisema. "Nimeingia kwa Mzee Qamara. Nimekunywa maji."

Yonas alijifunika mdomo. Mtu mmoja akasema, "Mama yangu!" Jenifa alisogea mpaka mahali panapofaa, akasimama, macho yamejaa machozi.

"Kocha, kosa ni langu. Nilivunja amri. Ulisema tukikuta kitu turuke."

"Nilisema."

"Mimi sikuweza kuruka."

"Mimi nikaweza," alisema Restituta. "Wape uji, Jenifa. Upashe kwanza."

Wazee waliamua akae peke yake mpaka mvua zitakapokwisha. Alihamia nyumba ya marehemu mama yake, mlimani nyuma ya kambi, na chini yake njia ya wakimbiaji ikipita. Chakula kiliachwa kwenye jiwe. Wazazi walikuja kambini wakiwa kundi, nyuso zimekaza, na Jenifa aliwasimulia yote mbele yao. Baba mmoja aliyekuwa ameshafunga mizigo ya mwanawe akaifungua tena. "Amejisema mwenyewe kabla hajaingia getini," alisema. "Angetaka kutuficha, angetuficha."

Watoto wakabaki. Woga wa Restituta nao ukabaki, ukakua. Kila alfajiri aliamka saa yake ile ile, akakaa kizingitini na filimbi shingoni, filimbi ambayo hata angetaka vipi asingeweza kumpa mtu sasa. Alisikia makofi ya Jenifa, halafu miguu. Alijitahidi kuitambua: huu mzito wa nani, huu wa kuburuza wa nani. Ikishapita, ukungu ulifunga. Alibaki amejikumbatia magoti mpaka isikike tena ikirudi. Siku moja ilichelewa, akatapika.

Hata hivyo mchana ulikuwa mrefu. Hakukuwa na uji wa kukoroga wala ugomvi wa sabuni. Kwa mara ya kwanza tangu arudi Mbulu alikaa, na kwa kuwa hakuwa na la kufanya, akafikiri.

Alimkumbuka baba yake. Baba alikuwa na ng'ombe wengi, lakini zizini kwake walionekana wachache. Wengine walikuwa kwa majirani, wengine mbali kabisa, Hanang, kwa rafiki yake mfugaji. Aliyewatunza alikunywa maziwa na kutumia mbolea, ndama wakawa wa baba. Restituta alipokuwa mdogo alimuuliza, "Baba, huogopi kuwaacha mbali hivyo?" Baba akamjibu, "Naogopa sana. Ndiyo maana nimewatawanya. Ugonjwa ukiingia zizi moja lenye wote, kesho sisi ni maskini."

Hatibu alikuja wakati mvua zimeanza kupungua. Alisimama mbali, kanzu ameishika juu isiguse tope.

"Dada Resti, sisogei. Wateja wangu wote ni watu wa huku, na wafugaji wa Hanang wanaliogopa jambo hilo kuliko nyinyi. Wakisikia nimekupa mkono, nitakula mkate wangu mwenyewe."

"Kaa huko huko, Kaka Hatibu. Mashine ya kusaga umeshainunua?"

"Nimeitazama. Sijainunua."

"Usinunue. Mwite Yonas."

Yonas alikuja akakaa juu ya jiwe jingine, mbali na lile la chakula, miguu ikining'inia. Restituta alimweleza: aende Katesh, aikae ile nyumba, awafundishe vijana wa huko. Ada ya huko itakuwa yake. Kila msimu, wale wazuri watakuja kukimbia na wa Mbulu.

Yonas akaikunja miguu.

"Kocha, unanituma mimi? Mimi niliyelala juu ya mti?"

"Wewe angalau unajua kupanda."

Hatibu alicheka mpaka akaiachia kanzu. Yonas naye alicheka, kisha akaacha.

"Na nikipotea?"

Restituta angeweza kusema subiri, mvua ziishe, nitoke, nikupeleke mwenyewe. Neno subiri lilikuwa mdomoni kabisa.

"Utauliza njia," alisema.

Wiki iliyofuata honi ya pikapu ililia chini kule, ikafifia upande wa Dongobesh. Restituta hakulala. Alfajiri aliketi kizingitini, ukungu mpaka miguuni. Makofi yakasikika, halafu miguu, na mara hii aliisikia imepungua. Ule wa haraka wa Yonas haukuwamo. Mkono wake ulipanda peke yake, ukaiweka filimbi mdomoni. Angepuliza, wangesimama wote. Aliibana kwa meno, akaibana, mpaka wakapita na ukungu ukafunga.

Alikaa akisubiri warudi. Moyo ulimdunda vile vile kama siku zote. Na akiwa bado anausikiliza, akajikuta anajiuliza ni nani, kati ya hawa waliobaki, atakayefaa kwenda Dongobesh.